Kinanda cha Interstellar chalia kama nyuki ndani ya debe: ni wufa, ni albamu au ni masikio?

MsikizajiTudor:
Salaam aleikum wapenzi wa muziki wa filamu. Wiki hii nazungusha albamu nne: Interstellar ya Hans Zimmer (2014), Psycho ya Bernard Herrmann (1960), Black Panther ya Ludwig Göransson (2018) na Out of Africa ya John Barry (1985). Psycho yatoka safi, fidla zakata kama wembe. Out of Africa nayo haina neno. Tatizo ni Interstellar. Pale kinanda cha kanisa kinapopanda, badala ya kutetemesha kifua chalia zzzz kama nyuki waliofungiwa kwenye debe. Noti nyingine za chini hazisikiki kabisa, halafu ghafla noti moja yanguruma hadi vikombe kabatini vyagongana. Kwenye Black Panther ngoma ya tama naisikia, ila besi iliyo chini yake imetoweka.

Vifaa: wufa ya 2.1, boksi kubwa lina spika ya inchi 6.5, na vispika viwili vidogo. Napiga kutoka kwa simu kwa Bluetooth. Sebule ni mita 3 kwa 4, dari mita 3, sakafu ya vigae, kuta tupu. Boksi kubwa liko pembeni kabisa, nyuma ya kochi.

Jengine: ule muziki wa chombo kujiunga na stesheni inayozunguka siuoni kwenye albamu. Umekatwa? Na nyinyi mwasikiza nini siku hizi?

FundiWaNyaya:
Aleikum salaam. Ndugu yangu, hapo una magonjwa matatu, usiyatibu kwa dawa moja.

Tuanze na nyuki. Punguza sauti hadi robo, rudia kipande kilekile. Zzzz ikiendelea hata sauti ikiwa chini, kasoro iko kwenye spika yenyewe. Toa kitambaa cha mbele, tazama ule ukingo laini unaoizunguka koni. Ukingo wa sponji haupatani na hewa ya pwani. Unyevu na chumvi huumaliza, ukiugusa kwa kidole watoka unga. Ule wa raba hudumu zaidi. Usibandike mpasuko kwa supa gluu, maana ikikauka yawa ngumu na koni haichezi tena. Tafuta ukingo mpya wa inchi 6.5, kwangua gundi yote ya zamani, bandika kwa gundi ya raba inayobaki laini. Kabla haijashika, isukume koni taratibu kwa vidole vya mikono miwili, pande zilizokabiliana. Ukisikia msuguano kama wa msasa, koili, ule waya uliozungushwa nyuma ya koni, imekaa upande, isogeze mpaka msuguano uishe. Kisha iache usiku kucha.

Nyuki wakitoka sauti ikiwa juu tu, ampu imefika mwisho na vichwa vya mawimbi vyakatwa. Wengi hukaza kitufe cha besi hadi kisipozunguka tena. Kuongeza desibeli 10 za besi kwadai nguvu mara 10 kutoka kwa ampu, na ampu ya namna hiyo haina akiba hiyo. Rudisha kitufe katikati, zima na ile "besi ya ziada" ya kwenye simu.

Pili, noti zinazopotea. Bomba la kinanda lenye urefu wa futi 16 hutoa karibu 32 Hz, yaani mitetemo 32 kwa sekunde. La futi 32 hutoa karibu 16 Hz, chini ya 20 Hz ambapo masikio ya binadamu huishia. Hilo utalihisi tu, hulisikii. Boksi lako lina tundu la hewa, na maboksi ya aina hiyo mara nyingi hupangwa karibu 50 au 60 Hz. Chini ya hapo sauti huporomoka desibeli 24 kwa kila okteva, yaani kila Hz zikipungua nusu. Kwa hiyo 32 Hz huipati, hata ukisoma Halbadiri. Unachoweza kupata ni kivuli chake: noti ya 32 Hz huja na wenzake wa 64, 96 na 128, na ubongo ukiwasikia hao vizuri huijaza yenyewe noti ya chini. Sharti vispika vidogo viwe sawa. Sasa zima ampu, chomoa plagi, kagua waya. Upande mmoja wa waya una mstari au rangi. Kama huku mstari umeingia kwenye nyekundu na kule umeingia kwenye nyeusi, spika moja yasukuma huku nyingine yavuta, na zinafutana. Dalili yake: sauti ya mwimbaji haikai katikati, yaelea pembeni kama mtu anayeongea nyuma ya mlango. Hakikisha hivi: viweke vispika vikitazamana, umbali wa kiganja, cheza kitu cha mono, yaani sauti ileile pande zote mbili, kisha geuza waya wa kimoja. Upande wenye sauti nene ndio sahihi.

Tatu, hiyo noti inayogonganisha vikombe. Hiyo ni hesabu ya chumba. Kwa joto letu la nyuzi 30 sauti husafiri karibu mita 349 kwa sekunde. Gawa kwa mara mbili ya kipimo cha chumba: mita 4 yakupa karibu 44 Hz, mita 3 yakupa 58 Hz. Na wewe una mita 3 mara mbili, upana na dari, kwa hiyo 58 Hz yapandiana. Hiyo ni karibu noti ya A# ya chini, na kila Zimmer akiipita vikombe vitapiga makofi. Boksi kulitia pembeni ndiko kuchochea zaidi, maana pembe huamsha mawimbi yote ya chumba kwa pamoja. Fanya hivi: liweke boksi juu ya kochi pale unapokaa, cheza mstari wa besi unaopanda na kushuka, kisha tambaa kando ya kuta sikio likiwa usawa wa sentimita 30 kutoka sakafuni. Patakapokuwa noti zote zalingana, hapo ndipo mahali pa boksi. Utaonekana kituko kidogo nyumbani, lakini ndiyo njia.

Bluetooth usiisingizie. Kodeki ya SBC, ule mfumo wa kubana sauti wa Bluetooth, kwenye ubora wake wa juu hubeba karibu kbps 328, hiyo haileti nyuki.

BintiFidla:
Fundi amesema kweli, ila miye nasema pia kuna muziki ulioandikwa kwa masafa ambayo vifaa vya nyumbani vinayaweza, na hilo si dogo. Kwa nini Psycho yatoka safi? Herrmann alitumia nyuzi tupu: hakuna tarumbeta, hakuna zumari, hakuna ngoma. Uzi mnene kabisa wa fidla ni 196 Hz. Vispika vyako vidogo hapo vyapumua. Ni besi kubwa za kusimama tu ndizo zinazoshuka hadi 41 Hz.

Sikiza tena kwa makini uone alivyofanya. Karibu albamu nzima wapigaji wameweka kibanio juu ya daraja la fidla, kile kidude kinachomeza mlio ukawa mkavu, wa kijivu. Kisha tukio la bafuni, vibanio vyatolewa. Ndiyo maana pale mlio wawasha ngozi: si kwamba wapiga kwa nguvu zaidi tu, rangi ya sauti imebadilika. Na Alfred Hitchcock mwanzo alitaka tukio hilo lipite bila muziki wowote. Ukisikiza albamu vipande vikiwa vimechanganywa ovyo, mpango huo wote wauua.

Kama pale bafuni masikio yakuuma, usiguse kitufe cha trebo kwanza. Ni vigae na kuta tupu. Piga kofi moja katikati ya sebule: ukisikia "trrr" baada yake, sauti yarukaruka baina ya kuta mbili. Zulia zito kati yako na spika, na pazia nene lenye mikunjo, liwe sentimita 10 mbali na ukuta. Biashara Street hapa Mombasa mtaa mzima ni vitambaa, chukua kizito upana mara mbili ya dirisha ili kikunjike. Leso moja iliyotandazwa ukutani ni pambo tu, haizuii kitu.

Kuhusu Zimmer: watu humsema kwamba ni kelele. Kwa Interstellar nawapinga. Kinanda kile ni cha Temple Church, London, mpigaji ni Roger Sayer, na uzuri wake ni kwamba chatumia hewa. Kwenye vipande vya kimya, weka hedifoni, utasikia chombo kikivuta pumzi kabla ya noti. Filamu ya watu wanaohesabu hewa iliyobaki, muziki wake wapumua. Kinachoniudhi ni filamu yenyewe, maneno ya waigizaji yamezamishwa chini ya muziki mahali pengi.

Out of Africa miye siitetei sana. Nyuzi tamu, Oscar ilipata, lakini Kenya hiyo yatazamwa kutoka angani. Barry aliandika mapenzi ya wageni wawili, na kwa hilo alifaulu.

SaaTanoUsiku:
MsikizajiTudor, hukosei. Kipande cha kujiunga na stesheni chaitwa No Time for Caution, na albamu ya kawaida ya 2014, yenye vipande 16, haikukiweka. Mashabiki walipiga kelele. Tafuta toleo refu la 2020, kimo.

Kabla ya kukicheza, ingia kwenye mipangilio ya programu ya muziki. Zima kile cha kusawazisha sauti za nyimbo. Kinapofanya kazi wimbo mmoja mmoja, kipande cha kunong'ona kinapandishwa hadi kilingane na cha kishindo, na Interstellar yote ni tofauti baina ya hivyo viwili. Muda wa nyimbo kuingiliana uwe sifuri, la sivyo mwisho wa kila kipande unaliwa. Zima kuchanganya. Bando nalo: kbps 96 yala karibu MB 43 kwa saa, kbps 320 ni MB 144, na faili zisizobanwa ubora ni kama MB 400. Pakua kwa waifai, usiungue na bando ya simu.

Ukitazama filamu yenyewe kwenye runinga, besi ikiwa nyembamba kuliko albamu usishangae. Sauti ya filamu ina njia 5 na moja ya besi pekee, ile ".1". Runinga inapozikunja ziwe mbili kwa ajili ya spika zako, kwa kawaida njia ya besi hutupwa. Albamu imechanganywa kwa njia mbili tangu mwanzo, haina hasara hiyo.

Na kwa kuwa tuko kwenye Interstellar, ule mlio wa saa kwenye kipande cha Mountains. Husemwa kila mlio ni siku moja ya duniani. Hebu tupige hesabu. Filamu yasema saa 1 kwenye sayari ya maji ni miaka 7. Miaka 7 ni kama siku 2,557. Sekunde 3,600 ukigawa kwa hizo wapata sekunde 1.41 kwa siku. Mlio unaotajwa huja kila sekunde 1.25, ambayo ni kama saa 21. Karibu, lakini si siku. Hainiharibii kipande, ila tuache kuirudia kama aya.

Mambo ya sasa hivi: saa tano usiku, tuktuk zimelala, zima pangaboi. Si utani, pangaboi lafunika kila kitu kilicho chini, na dakika mbili za mwanzo za albamu nyingi za Zimmer zaishi huko chini.

MzeeWaKanda:
Wanangu, mwazungumza kana kwamba muziki wa filamu Mombasa ulianza na Zimmer. Mji huu ulilelewa na filamu za Kihindi, na Juma Bhalo, mwimbaji wa taarab, alizichukua tuni zake akazivisha maneno ya Kiswahili, tukaziimba harusini bila kujua nusu yake zilitoka kwenye skrini. Mtu anayetaka kujua muziki wa filamu unavyofanya kazi asianze na besi, aanze na tuni.

Msikize mtunzi Naushad kwenye Mughal-e-Azam (1960). Kuna wimbo mmoja humo Mohammed Rafi aimba na waitikiaji 100. Weka kwenye wufa ya mwenzetu hapo juu, utatoka. Sababu ni kwamba kazi za enzi ile ziko kwenye mono, sauti ya mwimbaji mbele kabisa, kwa ajili ya spika za sinema na redio ndogo. Ukiona waitikiaji wanatokea upande mmoja tu, basi si kazi ya asili, ni ile iliyotengenezwa stereo baadaye. Tafuta ya mono.

Halafu Sholay (1975), R. D. Burman. Amitabh Bachchan amekaa nje na kinanda cha mdomo, mjane yuko juu azima taa moja moja. Maneno hakuna. Sasa weka karibu na Ennio Morricone, Once Upon a Time in the West (1968), kinanda cha mdomo pia. Chombo kimoja, kazi mbili zisizofanana. Kwa Burman ni upole wa mtu asiyeweza kusema. Kwa Morricone ni kisasi, na mlio wenyewe wakwaruza makusudi. Muziki huo wa Morricone uliandikwa kabla ya kupiga picha, ukachezwa pale pale waigizaji wakitembea. Ndiyo maana hatua za watu zaifuata tuni, si tuni yawafuata watu.

BintiFidla, hapo kwa Out of Africa umesema vyema, ila kuna jambo umelipita. Ayub Ogada, mzaliwa wa Mombasa mwaka 1956, alionekana kwenye filamu hiyo kama mwigizaji, kwa jina la Job Seda. Nyatiti yake, kinubi cha Waluo, hukuisikia humo. Ukaja mwaka 2005, The Constant Gardener, muziki wa Alberto Iglesias, na humo ndimo Kothbiro ya Ogada ilipowekwa. Nyuzi 8. Isikize kwa hedifoni, mbali na wufa: chini ya nyuzi kuna mlio mdogo mkavu, tk, tk. Hiyo ni pete ya chuma kwenye kidole cha mguu ikigonga ukingo wa chombo. Kwa spika ya simu yapotea kabisa, na ikipotea wimbo wabaki mzuri lakini wayumba, hauna mguu.

MsikizajiTudor:
Shukran nyote. Mzee, Sholay naiweka leo. Fundi, waya wa kushoto ulikuwa umegeuzwa. Nimeurudisha, na kinanda sasa kina mwili. Boksi nimelitoa pembeni, liko katikati ya ukuta mrefu, vikombe vimetulia. Nyuki hawatoki tena besi ikiwa katikati, kwa hiyo ukingo nadhani mzima. Imebaki Black Panther: besi bado. Na ncha za waya zina kijani kijani, ni neno?

FundiWaNyaya:
Ni neno. Hiyo ni kutu ya shaba, hewa ya bahari. Kata sentimita 1, menya upya, sokota nyuzi vizuri zisibaki zinazochomoza, maana uzi mmoja ukigusa klipu ya jirani ampu yaungua. Rudia kila baada ya miezi michache, na klipu zenyewe uzisugue kwa kifutio cha penseli kabla ya kurudisha waya.

Black Panther umeisikia sawa tu. Tama huishi katikati ya masafa: mpigaji akibana kamba kwa kwapa, ngozi yakazika, noti yapanda, ndiyo maana yaonekana yasema. Göransson alimpa T'Challa, shujaa wa filamu, hiyo, akampa Killmonger, adui yake, filimbi ya Kifulani. Lakini chini ya filimbi ya Killmonger kuna besi ya 808, ile mashine ya ngoma ya hip hop, na mkia wake washuka chini ya 50 Hz, pale boksi lako linapokata. Usikaze kitufe tena, nyuki watarudi. Sogeza kochi sentimita 40 kuelekea ukuta wa nyuma, karibu na ukuta besi huongezeka bila ampu kutokwa jasho. Kisha cheza tena kuanzia pale filimbi inapoingia.

BintiFidla:
Ukishaweka kochi, rudia na ile kofi ya vigae. Karibu na ukuta mtupu "trrr" yazidi, kwa hiyo pazia liwe nyuma ya kichwa chako, si dirishani.